Mutoto akiitwa mbele ya juri

Kila mwaka, masomo ikikaribia kufunga, tunasikia neno moja likirudi katika nyumba za kambi na za cité: odisyoni. Wafaransa wanalitumia kwa mambo mawili. Kuna odisyoni ya wanafunzi, yenye mwalimu wa muziki anapandisha watoto wake wote jukwaani mbele ya wazazi, na kila mutu anapigiwa makofi hata kama alikosa. Na kuna ile ingine ya konkuri, yenye mutoto anaingia peke yake katika chumba. Watu watatu ao wane wamekaa nyuma ya meza na karatasi zao, na kisha dakika kumi wanajua kama watamupokea ao hapana. Leo tunaandika juu ya hii ya pili. Njo yenye inanyima watu usingizi.

Tuseme mutoto iko Kolwezi. Kufika Lubumbashi ni kilometa 300 hivi, katikati ya malori. Kama konkuri iko Kinshasa, ni ndege. Papa amechukua avansi kwa mushahara, shangazi ameongeza kidogo, korali imekusanya ya kwake. Mutoto amefanya kazi mwaka muzima. Anaingia. Mikono iko baridi. Vidole vinakataa. Wimbo wenye alikuwa anapiga hata na macho yamefungwa unapotea katikati, sawa taa yenye imezimika. Anaanza tena, unapotea tena fasi ileile. Watu wa meza wanamushukuru. Anatoka inje, fasi papa anangojea karibu na mulango mukubwa.

— Papa, nilisahau.

Nyumbani watu watasema kama hakujitayarisha. Mara mingi haiko kweli. Wimbo aliutayarisha. Kitu chenye hakutayarisha ni woga, kwa sababu hakuna mutu mwenye alimuambia kama woga nao unatayarishwa.

Mwili unafanya nini

Wafaransa wanauita trac. Sisi tunasema tu kama moyo unapiga mbio. Ni vizuri mutoto ajue kinachotendeka, juu mutu mwenye hajui anazani anagonjwa ao, mubaya zaidi, anazani kuna jirani mwenye amemufanyia kitu.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ubongo ukiona hatari, tezi hizo zinamwaga adrenalini ndani ya damu. Moyo unapiga mbio ili damu ifike kwenye misuli mikubwa ya miguu na ya mikono. Damu inatoka kwenye ngozi na kwenye vidole, njo maana vidole vinakuwa baridi. Kinywa kinakauka. Pumzi inakuwa fupi na inapanda juu ya kifua. Tumbo linaacha kusaga chakula, na mutu anatafuta choo kila dakika tano. Yote hii ni kazi ya muzuri kwa mutu mwenye anapaswa kukimbia nyoka. Kwa mutu mwenye anapaswa kuweka kidole kwenye uzi wa gitari, ao kushika sauti moja kwa pumzi ndefu, ni matata.

Na haiishi na umri. Pablo Casals, mupigaji wa selo mwenye wengi wanamuhesabu kati ya wakubwa wa karne ya 20, aliteswa na woga wa jukwaani maisha yake yote, na alipiga muziki mbele ya watu mupaka uzee. Vladimir Horowitz, mupigaji wa piano, aliacha kupiga mbele ya watu kuanzia 1953 mupaka 1965, miaka 12. Barbra Streisand alisahau maneno ya wimbo mbele ya watu wengi sana katika New York mwaka 1967, na kwa miaka mingi kisha hapo hakutaka tena kuimba katika konseri ya kulipa. Tunataja watu hao kwa sababu moja tu: mutoto mwenye anatetemeka asizani kama kutetemeka kunaonyesha hana kipaji.

Korali inatoa bure kitu chenye juri haitoe

Watoto wetu wengi hawaogopi watu. Wanaimba kila juma mbele ya kanisa yenye imejaa, wanapiga fanfare kwenye sikukuu, wanacheza kwenye matanga na kwenye ndoa. Mwaka 1958, watoto wa Kamina, wale Troubadours du Roi Baudouin wenye Padri Guido Haazen alikuwa anaongoza, walienda kuimba mupaka Ulaya, mbele ya watu wenye hawakuelewa hata neno moja la luga yao. Katanga haikosi watoto wa jukwaa.

Lakini angalia: wale walisimama pamoja. Katika korali, ukisahau neno, wa kuume wako analisema na wewe unalikamata. Ukiishiwa na pumzi, wengine wanashikilia sauti na wewe unavuta hewa mupya bila mutu kuona. Woga unagawanywa kwa watu makumi tatu. Siku ya konkuri wale makumi tatu wamebakia nyumbani, na mutoto anasikia sauti yake peke yake, pengine kwa mara ya kwanza katika maisha. Ile tu inatosha kumuangusha.

Basi kazi ya kwanza, miezi miwili ao mitatu mbele ya siku, ni kumuzoeza kuwa peke yake. Kiongozi wa korali anaweza kusaidia: amupe solo ndogo kila juma, hata mistari miwili. Na katika nyumba mutoto asimame katikati ya salo, asikae pembeni akiimba huku anaosha sahani. Tofauti ni kubwa kuliko vile watu wanazani.

Tunafikiri tena juu ya mutu mumoja wa kwetu. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mwenye alikuwa anazunguka Afrika na mashini ya kurekodi, alimurekodi kijana Mwenda Jean-Bosco katika Jadotville, njo Likasi ya leo. Haikuwa konkuri. Lakini ilikuwa gitari moja, mutu mumoja, mugeni mwenye anasikiliza, na dakika tatu hivi, kwa sababu upande mumoja wa disiki ya wakati ule haukubeba zaidi. Wimbo Masanga ulitoka mule na ukaenda mbali. Kijana mwenye anatoka Likasi kwenda kusikilizwa asijione sawa mutu wa kwanza mwenye njia hiyo ilimupata.

Njia ya pili ya kutoka

Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe, na hapa papa mwenye anashuka chini ya udongo atatuelewa mbio kuliko mwalimu.

Hakuna mutu wa mugodi mwenye anakubali kufanya kazi fasi yenye iko na njia moja tu ya kutoka. Njia ile ikifungwa, unafanya nini? Lakini watoto wengi wanajua wimbo wao hivyo: kutoka mwanzo mupaka mwisho, njia moja. Wakiangukia katikati, hawana fasi ingine ya kuingilia isipokuwa mwanzo. Njo maana yule wa Kolwezi alirudi mwanzo, na akaanguka tena fasi ileile. Hakukosa akili. Hakuwa na mulango wa pili.

Dawa yake inajulikana na walimu wa muziki kila fasi, na haiombe feza. Chukua wimbo, ukate vipande sita ao nane, na kila kipande ukipe namba ao jina. Mutoto ajifunze kuanzia kipande cha nne bila kupitia cha kwanza. Kisha cha sita. Kisha cha mwisho. Ndugu yake mudogo anaweza kufanya kazi ya kuita: «Tano!» na yeye anaingia palepale. «Mbili!» Wale wadogo wanapenda sana muchezo huu, na kisha wiki mbili mutoto anatembea ndani ya wimbo wake sawa mutu mwenye anajua vyumba vyote vya nyumba hata umeme ukikatika. Siku ya konkuri, akili ikizimika katika cha tatu, anaruka kwenye cha nne na muziki unaendelea. Pengine juri itaona. Itaona pia kama hakuanguka.

Tunashauri aanze kujifunza vipande kutoka mwisho. Watu wengi wanajua mwanzo muzuri sana na mwisho vibaya, kwa sababu kila siku wanaanzia mwanzo na wanachoka mbele ya kufika. Ukijua mwisho kuliko mwanzo, kila hatua inakupeleka kwenye fasi yenye unajua zaidi, na woga unapunguka kadiri unaendelea.

Na wimbo wenyewe usiwe ule muguvu kuliko yote. Hapa tunagombana na wazazi wengi, na pia na walimu. Kila mutu anataka mutoto aonyeshe vidole vyenye vinakimbia. Lakini woga unakula sehemu ya nguvu ya mutoto siku ile. Kitu chenye nyumbani anafaulu kwa shida, mule ndani hatakifaulu. Achague kitu chenye anaweza kupiga vizuri hata akiwa amechoka, na homa kidogo, na mutoto mwingine analia katika chumba cha pili.

Piano yenye haina kifungo

Kuna mutego mumoja wenye tunaona wazi katika makanisa yetu, na tunataka kusimama hapo kidogo. Vijana wengi wamejifunza piano kwenye ile ya umeme ya korali. Ni mashini ya muzuri, lakini ina vitufe vyepesi, na mara mingi iko na vitufe 61 tu. Piano ya kweli iko na 88, na kila kimoja ni kizito, juu nyuma yake kuna nyundo ya mbao yenye inaruka na kupiga uzi. Kijana mwenye hajawahi kuigusa anaweka vidole, na nusu ya sauti haitoke. Anazani ni woga. Haiko woga, ni mbao.

Tena kuna kifungo cha transpozisyo. Wengi wanajua kupiga katika do tu. Muimbaji akitaka juu ao chini, wanafinya kifungo na mashini inafanya kazi yote. Siku ya konkuri kifungo hakiko. Wakimuomba apige gamu ya re ao ya mi bemoli, anabakia anaangalia vitufe vyeusi sawa mutu mwenye amepotea sokoni.

Basi, mbele ya mwezi muzima, tafuta piano ya kweli. Pengine iko katika paroisi ya zamani, katika masomo ya masista, katika nyumba ya mutu. Omba saa moja kwa juma. Kama haipatikane, mutoto apige kwa nguvu zaidi kwenye meza ya mbao ili vidole vikuwe na nguvu, na ajifunze gamu zote bila kifungo. Na siku yenyewe, mbele ya kuanza, anaweza kuomba kwa heshima: «Mwalimu, ninaweza kugusa piano kidogo?» Ni ombi la kawaida, haliko aibu.

Kwa gitari ya kuazima, ni vilevile. Nyuzi mupya zisiwekwe siku ya mwisho: zinanyooka na gitari inatoka katika sauti kila dakika. Ziwekwe siku tano ao sita mbele.

Papa analala, mutoto anapiga

Tunajua gisi nyumba zetu zinaishi. Papa akifanya posti ya usiku, analala muchana. Na muchana ndiyo wakati mutoto anatoka masomo na anataka kufanya kazi. Maneno yanakuwa hivi:

— Mama, hauonake kama nimelala?

— Pole papa. Lakini odisyoni iko posho ingine.

— Na mi, nikishuka na usingizi kule chini?

Wote wawili wako na haki. Mutu mwenye anashuka chini bila kulala ni hatari kwake na kwa wenzake, hatuwezi kucheza na hilo. Lakini kuna njia. Saa moja ya kelele, yenye watu wamepatana, papa akiisha kuamuka. Saa ingine ya kimya. Na saa ya kimya haiko saa ya bure. Mutoto aketi, afunge macho, na apige wimbo muzima katika kichwa, polepole, akiona kila kidole na akisikia kila sauti. Fasi yenye picha inapotea katika kichwa, njo fasi yenye woga utamukamatia. Aweke alama kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu. Wanamuziki wa kazi wanafanya hivyo ndani ya ndege na kwenye kitanda cha hoteli. Katika Kinshasa, Orkestra Senfoniki ya Kimbanguiste yenye Armand Diangienda alianzisha mwaka 1994 ilianza na vyombo vichache sana, watu wakipokezana violoni moja. Mutu mwenye anangojea zamu yake anajifunza kufanya kazi bila chombo.

Umeme ukikatika, ni vilevile. Kichwa hakihitaji kurant.

Kuzoeza moyo

Wiki tatu za mwisho, wimbo ukiisha kujulikana, kazi inabadilika. Sasa mutoto anajifunza kupiga akiwa na woga. Unaletaje woga katika nyumba? Kwa njia tatu zenye tunajua.

Moja: akimbie mara mbili kuzunguka nyumba mupaka moyo upige, kisha aingie na apige palepale, bila kungojea. Mikono itatetemeka, pumzi itakuwa fupi. Ndiyo. Njo vile itakuwa kule. Kisha siku kumi ataona kama muziki unaweza kutoka hata moyo ukipiga.

Mbili: asubuhi, mbele ya kunawa uso, apige wimbo mara moja tu. Hakuna kurudia. Siku ya konkuri hakuna mara ya pili, na watoto wetu wamezoea kusema «ngoja nianze tena». Neno hilo wiki zile tatu linafungwa.

Tatu, na hii ndiyo tunaipenda zaidi: papa anakuwa juri. Weka meza, viti vitatu, papa, mama, na jirani mumoja mwenye hachekeche na watoto. Kila mutu karatasi na kalamu. Mutoto atoke inje, agonge mulango, aitwe kwa majina yake yote. Aingie, asalimie, aseme atapiga nini na nani alikitunga, aketi, atengeneze gitari, anyamaze kidogo, aanze. Juri haicheki, haiseme «bravo», inaandika. Katikati papa anakatiza: «Inatosha, asante.» Mutoto atashituka. Muzuri ashituke katika salo yenu. Katika konkuri ya kweli wanakatiza mara mingi kwa sababu ya saa, na mutoto mwenye hajui anazani amekataliwa, na anapoteza mutihani wenye unabakia: kusoma noti, kurudilia mudundo wenye mwalimu anapiga kwa mikono, kujibu maulizo.

Fanyeni hivyo mara tano ao sita, kila mara na watu wengine. Na mutoto avae viatu na nguo za siku ile. Tumeona kijana mwenye viatu vya mupya vilimufinya mupaka akasahau hata kusalimia.

Siku yenyewe

Kama munatoka mbali, fikeni siku moja mbele. Barabara haina neno la kuaminiwa, na mutoto mwenye ameruka kutoka kwenye gari kuingia moja kwa moja katika chumba amepoteza mbele ya kuanza.

Ale kidogo, kitu chenye amezoea. Bukari haikatazwe, lakini isiwe mulima. Maji, ndiyo. Kahawa hapana kama hajazoea, inaongeza mutetemo juu ya mutetemo. Pombe ya kujipa moyo, hapana kabisa: inaondoa woga na inaondoa masikio pamoja. Na kuna vidonge. Wanamuziki fulani wa Ulaya na Marekani wanakunywa propranololi, dawa ya moyo, ili mikono isitetemeke, na watu wanasikia habari hiyo wanakimbia kwa farmasi. Dawa hiyo inaweza kufunga pumzi ya mutu mwenye pumu, na kwetu watoto wenye kukohoa kwa sababu ya vumbi ni wengi. Bila munganga, musiiguse.

Katika koridoro, asisikilize wengine. Nyuma ya mulango kila mutu anaonekana kuwa mukubwa. Aende pembeni, aweke mikono chini ya kwapa ipate moto, na apumue: kuvuta kwa kuhesabu mupaka nne, kutoa polepole mupaka saba ao nane. Pumzi ndefu ya kutoa njo yenye inaambia moyo upunguze mbio. Afanye mara kumi. Muimbaji afanye hivyo zaidi, juu pumzi ndicho chombo chake.

Na ajiambie nini? Hapa kuna jambo lenye lilitushangaza. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks, mutafiti wa Harvard katika Marekani, alichapisha kazi yenye alifanya na watu wenye waliimba karaoke. Mbele ya kuimba, wengine walipaswa kusema kama wako na wasiwasi, wengine kusema kama wamechangamuka na wako na hamu, wengine hawakusema kitu. Mashini ndiyo ilihesabu gisi walishika sauti vizuri. Wenye walisema wako na hamu walipata karibu 80 kwa 100. Wenye hawakusema kitu, 69 hivi. Wenye walisema wako na wasiwasi, 53. Woga na hamu vinafanana katika mwili: moyo uleule, mikono ileile. Ni vyepesi kubadilisha jina lake kuliko kuutuliza. Basi «tulia, tulia» yenye sisi wote tunaambia watoto haina nguvu sana. Afazali mutoto ajiambie: «Niko na hamu banisikie.»

Ndani, mbele ya kuanza, aimbe katika kichwa mistari miwili ya kwanza kwa mwendo wenye anajua. Adrenalini inapenda mbio. Mutu mwenye anaanza bila kufikiri anaanza mbio sana, na kipande cha muguvu kinamukuta na mwendo wenye hajawahi kupiga. Sekunde tano za kimya hazikasirishe mutu nyuma ya meza.

Akikosa, aendelee. Asikunje uso, asiseme pole, asiangalie juri. Kosa moja, wengine hawataliona. Uso wenye umekunjwa, wote wataliona. Wale wa meza ni walimu. Wamesikiliza watoto tangu asubuhi, wamechoka, na wanatamani sana mutu mwenye atapiga vizuri aingie, ili wapate kumuandika. Hawakukuja kuwinda.

Maneno ya mulangoni

Tumeandika mingi juu ya mutoto, na sasa neno kwa wazazi, lenye pengine ndilo linaumiza.

Tunajua bei ya ile safari. Lakini asubuhi ile, bei isitajwe. «Unajua tumetoa feza ngapi» ni muzigo wa saruji juu ya kichwa cha mutu mwenye anapaswa kupanda ngazi. «Usituletee haya» ni wa pili. Mutoto anajua yote hayo; aliona simu zenye mulipiga, aliona nyama yenye haikununuliwa. Akiingia na hayo, hapigi tena muziki, analipa deni.

Papa mwenye anafanya kazi chini iko na kitu cha kumupa chenye mwalimu hana. Wengi hawasemake nyumbani kama wanaogopa. Lakini mutu mwenye anapanda katika kaje na kushuka mamia ya metre anajua woga, na anajua gisi anaishi nao: anaangalia taa yake, anaangalia kofia, anaangalia juu ya kichwa mbele ya kuweka muguu, kila siku kwa mupango uleule, hata siku yenye tumbo linakataa. Mutoto hajui hayo. Mukae jioni moja, umuambie. «Mi pia naogopaka, mama. Angalia gisi nafanyaka.» Hakuna kitabu chenye kinapita maneno hayo kutoka kinywa cha papa yake.

Kama woga unapita kipimo, kama mutoto halale wiki nyingi, anatapika kila mara akitaja jina la konkuri, ao anasema hataki tena kuishi, hapo hatuongee tena muziki. Munganga kwanza, konkuri itangojea mwaka mwingine.

Na kama jibu ni hapana? Siku ile musifanye hesabu. Kesho yake ao kesho kutwa, mutoto aandike kwa heshima kuuliza nini ilikosekana: noti, mudundo, sauti, umri? Mara nyingine wanajibu, mara nyingine hapana. Wakijibu, mupelekee mwalimu wake karatasi, njo programu ya mwaka. Juma ijayo korali inamungojea; apewe solo yake ya mistari miwili sawa mbele. Na gitari ya kuazima irudishwe wiki ile, imepanguswa, na nyuzi zote sita.